Ile Karatasi ya Uwanja Niliichora Mimi

Mtaa wa Majengo,
S.L.P. 1187,
Nyeri.

16 Februari, 2025.

Mpendwa mdogo wangu Mujahid,

Assalamu alaikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi ulichosema kinaletwa na vumbi la huko Doha kimekuachilia. Unakula vizuri? Bado mnalala watu sita chumba kimoja, au walishawahamisha kama walivyoahidi?

Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mama magoti yanamsumbua asubuhi kwa sababu ya baridi, lakini jua likishapanda anajikongoja mwenyewe hadi kwa jirani na kurudi na habari za mtaa mzima. Aaliya wangu yuko chuoni, amebakiza mwaka mmoja. Jua limekuwa kali tangu Januari na mvua za masika bado ziko mbali.

Barua hii nimempa Hanan mkononi. Unamkumbuka, yule binti wa jirani yetu anayefanya kazi hotelini huko kwenu. Anarudi Jumatano.

Najua utashangaa kuletewa barua zama hizi za simu. Nimekupigia mara tatu, Mujahid. Kila nikitaka kulisema lenyewe, nakuuliza habari za kazi, nacheka kidogo, nakata. Nimeona afadhali niandike, maana karatasi hainioni machozi.

Wiki mbili zilizopita ulinitumia ujumbe: “Hongera dada kwa kustaafu. Wahome ameniambia umeomba mwenyewe upumzike.” Nikakujibu ahsante. Neno moja tu.

Mdogo wangu, sikuomba kupumzika. Nilifukuzwa. Na aliyenifukuza ni huyo huyo rafiki yako Wahome.

Acha nianze mwanzo ili usidhani ni hasira tu inaandika. Februari mwaka jana Wahome alikuja uwanjani nikiwa napiga chokaa mistari. Alikuwa ndiyo kwanza amechaguliwa mwenyekiti wa klabu yetu ya Gura Stars, na nilikuwa nimefurahi kweli. Nilijisemea, sasa tuna mtu wetu. Mtoto aliyekuwa akija kwetu na viatu vya mpira mkononi, Mama anampakulia pamoja na wewe bila hata kumuuliza kama ana njaa. Akakaa kwenye benchi la wachezaji wa akiba, akavua kofia.

“Mishi,” akasema, “huu uwanja unatumaliza. Stima na maji peke yake zinakula kiingilio yote. Tukiendelea hivi, mwaka ujao tunauza shamba la klabu au tunavunja timu. Wewe ndiye unaujua huu uwanja. Niandikie tupunguze wapi.”

Nilimwambia anipe miezi minne. Nilimwambia hivyo kwa sababu sikutaka kubahatisha. Baba alizipanda zile nyasi kwa mkono wake, na tangu alipofariki nimezitunza mimi, miaka kumi na tisa. Lakini kuutunza uwanja na kujua unapoteza nini ni mambo mawili.

Basi nikaanza. Kitu cha kwanza, nilifunga koki zote za uwanja mzima nikaenda kukaa mbele ya mita ya maji. Ikawa inazunguka. Hakuna anayeoga, hakuna anayemwagilia, na mita inazunguka! Nilitafuta siku nne. Nilikuja kupata ufa kwenye bomba linalopita chini ya chumba cha kubadilishia nguo cha timu ngeni. Maji yalikuwa yanaingia ardhini sijui tangu mwaka gani. Nililibatiza jina “bomba la wageni”, nikaliandika hivyo hivyo kwenye daftari langu.

Halafu lile paa la jukwaa kuu. Mvua ya masika inanyesha Nyeri hadi viatu vinaota ukungu, na maji yote ya paa lile yalikuwa yanateremka mtaroni, huku sisi tukinunua maji ya bomba kumwagilia nyasi. Nilipata matangi matatu makuukuu kwenye kiwanda kimoja cha kahawa kilichofungwa, tukayafungia mifereji. Mvua ya Aprili ikayajaza yote.

Wewe, unayetunza nyasi za uwanja huko Doha, ndiye uliyeniambia kwa simu, ukiwa kwenye mapumziko yako ya chakula, nimwagilie kabla jua halijatoka na nisizikate nyasi fupi sana wakati wa kiangazi. Nilifanya hivyo. Kazi ile ina mkono wako pia.

Mazoezi nikamwomba kocha Simeon ayaanze saa tisa mchana badala ya saa kumi na mbili jioni, taa zile kubwa zisiwashwe ila siku ya mechi. Siku ya mechi ndogo tukawa tunafungua jukwaa moja tu, kwa sababu watu mia mbili wakitawanyika majukwaa manne unalipa wafagiaji na walinzi wa majukwaa manne. Na nyasi zenyewe! Tulikuwa tunazikata na kuzichoma. Siku moja mzee mmoja wa Giakanja anaitwa Wambugu alisimamisha pikapu yake langoni, akaangalia ule moshi kama mtu anayeangalia msiba.

“Mama, hii nyasi mnachoma ya nini na ng’ombe yangu iko njaa?”

Tangu siku hiyo alichukua nyasi zote, akawa anatuletea samadi. Hatukununua mbolea tena.

Haya yote niliyachora kwenye karatasi moja kubwa, nikaunganisha karatasi nne kwa gundi. Uwanja katikati, mabomba kwa kalamu ya bluu, nyaya za stima kwa nyekundu, matangi, koki, bomba la wageni kwa jina lake, kila kitu na mahali pake. Nilimpa Wahome mwezi wa sita. Aliishika akaitazama kwa muda mrefu. Akasema, “Mungu akubariki, dada.” Aliniita dada, Mujahid. Sikumlazimisha.

Kufika mwezi wa kumi gharama zilikuwa zimeshuka hadi mweka hazina akadhani kampuni ya stima imekosea. Nilitembea nikiwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu Baba aondoke.

Mkutano wa wanachama ulikuwa Desemba, Jumamosi, katika ukumbi wa mtaa. Nilivaa lile buibui ulilonitumia Idd iliyopita. Nilikuwa nimejiandaa kusema maneno mawili matatu kama wangeniita. Nilimwandaa hata Aaliya anipige picha.

Wahome akasimama, akasema klabu imepata mtaalamu kutoka Nairobi aliyetengeneza mpango wa kuokoa uwanja. Akamkaribisha kijana mmoja anaitwa Mburu, suti ya kijivu, kompyuta mkononi. Kijana akawasha mashine yake, na ukutani ikatokea karatasi yangu.

Alikuwa ameichapa upya kwa rangi nzuri, na jina la kampuni yake juu. Lakini ilikuwa yangu. Mpaka mahali nilipokosea, nikachora tangi la tatu upande wa lango badala ya nyuma ya jukwaa, alikuwa amekosea pale pale. Akaanza kueleza. Alipofika kwenye maji akasoma, “Hapa tumegundua tatizo kwenye bomba la wageni.”

Bomba la wageni! Hakuna mtu duniani anayeliita hivyo ila mimi na Simeon, aliyenisaidia kulichimbua. Nikamtazama Simeon. Alikuwa amekaa safu ya pili. Akainama akaanza kufunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

Nilidhani hapo ndipo mwisho wa ubaya. Nilijiambia, sawa, wachukue sifa, uwanja utapona. Kisha kikaja kipande cha mwisho, ambacho mimi sikukichora. Mburu akasema kwa kuwa kazi ya uwanja imerahisishwa, hakuna haja tena ya mtunza uwanja wa kudumu, kampuni yake itasimamia. Kazi niliyoirahisisha mimi, Mujahid. Nililikata tawi nililokalia kwa mkono wangu na wao wakashika ngazi.

Nilisimama. Nikasema, “Mwenyekiti, waambie wanachama nani alichora hiyo karatasi.”

Ukumbini mlikuwa na watu sitini, na nusu yao nimewafungulia lango tangu wakiwa shule ya msingi. Wahome hakuniangalia. Alikuwa anaangalia ukuta juu ya kichwa changu.

“Mishi, hii ni mambo ya ofisi. Kaa chini kwanza, tutaongea baadaye.”

Nilikaa. Hilo ndilo ninalojilaumu mpaka leo, kwamba nilikaa. Wakapiga kura kwa kuinua mikono. Simeon naye aliinua wake, nusu nusu, kiwiko hakijanyooka.

Alinifuata nje baadaye. “Mama Aaliya, nisamehe. Niko na watoto.” Nikamwambia hata mimi niko na mtoto. Nikashika njia ya nyumbani.

Ile baadaye ya Wahome haikuja. Ilikuja barua ya mistari minne na mtu wa kuchukua funguo. Niliyokuja kusikia baadaye ni kwamba Mburu ni mtoto wa dada yake Wahome, na kwamba wanailipa kampuni yake zaidi ya walivyokuwa wakinilipa mimi. Huko ndiko kupunguza gharama.

Majuma mawili sikutoka nyumbani. Mama nilimwambia niko likizo. Mpaka leo hajui, majirani nimewasihi wasimwambie, na wewe pia naomba usimwambie. Anampenda Wahome kama alivyokuwa anampenda mtoto yule mwenye viatu mkononi, na sitaki nimwondolee hilo katika umri wake.

Aliyenitoa ndani ni yule mzee Wambugu. Alifika uwanjani na samadi yake, akakuta mtu asiyemjua anayemwambia kampuni haichukui kinyesi cha ng’ombe. Akauliza uliza mpaka akapata nyumba yetu. Akaniambia mwalimu mkuu mmoja wa huko kwao, Bi. Warigia, ana shule ya wasichana na uwanja ambao fuko wameufukua hadi unafanana na shamba la viazi. Sasa naenda huko siku tatu kwa wiki, na Mama anadhani nimerudi kazini. Malipo ni madogo kuliko ya zamani. Lakini siku ya kwanza Bi. Warigia alinitembeza uwanja mzima, akatoa daftari akaniambia, “Sema pole pole, mimi naandika. Na juu hapa naandika jina yako.” Niligeukia upande mwingine nikajifanya natazama fuko.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya nichukue kalamu.

Alhamisi iliyopita alasiri Wahome alikuja nyumbani. Alikuwa na kilo tano za mchele wa Mwea, ule wa kunukia. Mama alimpokea kwa shangwe, akamwekea chai, akamuulizia mkewe Wachuka na watoto mmoja mmoja kwa majina. Nami nikakaa pale, natabasamu, kikombe kikiniunguza mkono. Mama alipoingia jikoni, Wahome akasogeza kiti.

“Mishi, nyasi zimekauka upande wote wa magharibi. Huyu kijana ati hajui ni koki gani inafungua maji ya matangi. Njoo siku moja tu umuonyeshe.”

“Si yeye aliyechora?” nikamwambia. “Muulize aliyechora.”

Aliweka kikombe chini. Nilimpa nafasi, Mujahid, nakuapia. Nilingoja aseme neno moja, hata kwa kunong’ona, na pengine ningevaa viatu nikaenda naye. Akasema, “Mambo yalikuwa mengi wakati ule.” Akaaga Mama, akaenda.

Nilidhani nitajisikia vizuri. Wapi! Nilifunga mlango wa chumba changu nikalia, kwa sababu nyasi za Baba zinakufa na hazijamkosea mtu. Koki yenyewe iko nyuma ya jukwaa chini ya kifuniko cha bati, si kule langoni nilikokosea kuichora pamoja na tangi la tatu. Ni kazi ya dakika moja. Kila nikiamka naiwaza. Na bado sijaenda.

Kabla hajaondoka siku ile, Wahome alimwambia Mama kwa furaha kwamba umeahidi kuitumia klabu zile mashine za kunyunyizia maji ambazo huko kwenu mmebadilisha. Sikulijua hilo. Nami sikulaumu, kwa maana ulikuwa umeambiwa nimepumzika kwa hiari yangu na uwanja uko mikono mizuri.

Mashine ni zako na rafiki ni wako. Sikuambii uvunje urafiki wa miaka thelathini kwa ajili ya karatasi nne zilizobandikwa gundi. Ninaloomba ni dogo. Kabla hujazipakia, mpigie. Usimtukane, usimwambie nimekuandikia. Muulize tu nani alichora ule mpango wa uwanja, kisha unyamaze umsubiri. Akikudanganya, utajua la kufanya na mashine zako. Akisema kweli, niandikie siku hiyo hiyo maneno aliyoyatumia, yote, kama alivyoyasema. Mimi nitakwenda kufungua hiyo koki.

Mama anakusalimu na anakukumbusha usilale na nywele mbichi. Aaliya anakusalimu, ameomba picha ya uwanja unaofanyia kazi. Ami Ayub wa Mwea ametuma salamu, na mzee Wambugu pia, ingawa hamjuani. Nilimwambia nina ndugu mtunza nyasi Uarabuni akasema huyo ni mtu wake. Mshukuru na Hanan kwa kukufikishia barua hii.

Mwezi mtukufu huo unakaribia. Mungu akufikishe ukiwa na afya, akulinde na jua la huko, na akurudishe kwetu uso wako ukiwa vile vile tunavyoujua.

Ni mimi dada yako nikupendaye siku zote,

Mishi.