Barua Ambayo Hatukuipokea

Jumanne. Mvua ya alasiri imenyesha kwa saa yake, na mawe ya barafu kidogo juu yake, kama kawaida ya Kakamega. Nimerudi nyumbani viatu vimelowa, nikachemsha chai, nikakaa. Sina huzuni. Nimechoka tu, na kuna jambo nataka kuliandika kabla sijalizoea.

Mimi ni karani wa shule ya bweni ya wasichana, mwaka wa kumi na moja sasa. Leo asubuhi mwalimu mkuu aliniita nichape taarifa ya kupeleka redioni. Naibu wake analaumiwa kwamba alimpiga Nekesa wa Kidato cha Pili makofi mpaka sikio la kushoto likaacha kusikia. Nikachapa: "Tunakanusha vikali madai hayo. Shule haijawahi kupokea malalamiko yoyote." Sentensi ya pili niliitunga mwenyewe. Mwalimu mkuu alisema imekaa vizuri, nami nikafurahi.

Barua ya malalamiko niliipokea mimi.

Mama Nekesa aliileta mwezi uliopita kutoka Kabras, anakolima miwa. Alikuja na nakala mbili. Nilipochukua moja, akaisukuma ya pili mezani. "Gonga na hii yangu, madam. Kwa kiwanda cha sukari tulijifunza. Karatasi ikikosa muhuri, wanasemanga haikufika."

Nikaigonga bila kufikiri, kwa kuwa ndivyo ninavyofanya kila siku. Nikaiandika barua kwenye rejista, nikaipeleka kwa mwalimu mkuu. Aliisoma nikiwa nimesimama pale, akaifungia kwenye kabati lake. Nikajiambia kazi yangu imeishia hapo.

Kukanusha ni kazi nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Hutungi uongo mkubwa. Unaondoa tu kitu kimoja baada ya kingine: barua haikuja, mzazi hatumjui, mtoto alikuwa na shida ya masikio tangu utotoni. Hilo la masikio pia nililichapa.

Lakini njia ya mwongo ni fupi, na yetu ilifika saa sita mchana tu. Mama Nekesa alikwenda redioni na nakala yake yenye muhuri. Saa tisa mwalimu mkuu akaniita tena, akafunga mlango, akaongea kwa upole.

"Sasa tutasema muhuri ilikuwa imepotea hiyo wiki, mtu akaiokota akaitumia. Andika kesho asubuhi na uweke sahihi yako, kwa sababu inawekwanga kwako."

Muhuri haujawahi kupotea. Unakaa kwenye droo yangu, na ufunguo ninao shingoni hata sasa.

Nakiri jambo la aibu. Nilipochapa kwamba mtoto hakupigwa, sikukosea hata herufi moja. Niliposikia kwamba muhuri wangu umepotea, ndipo nilipokasirika. Miaka kumi na moja sijapoteza hata pini. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Sikio la binti wa watu halikuniuma, droo yangu ndiyo iliyoniuma. Nimelitazama hilo tangu jioni na sioni pa kulificha.

Najua pia kwamba nyumba hii ninamonywea chai ni ya shule, na kwamba nikikataa kuweka sahihi nitaambiwa niihame. Nimeshaanza kupima kwa macho kitanda kitapita vipi mlangoni.

Kabla ya kutoka ofisini nilitoa fotokopi ya ukurasa wa rejista. Tarehe ipo, jina la mama lipo, na maneno "malalamiko, mtoto kupigwa", kwa mwandiko wangu. Nimetoa mbili.

Kesho sitachapa kitu. Nitakwenda ofisi ya elimu mapema, nipange foleni na wazazi. Moja nitawaachia. Na sitaondoka pale mpaka wanigongee hii yangu.