Maharage Chini ya Koti la Bwana Harusi

Jumatatu, 3 Machi

Mdomo wangu huu! Siku moja nitaushona.

Binti kapiga simu asubuhi. Wanakuja Jumamosi, yeye na mama mkwe wake, kutoka huko Indonesia alikoolewa. Nikafurahi mpaka nikasimamisha cherehani. Kisha akabadilisha sauti, akasema: Shangazi anasema tangu mama atutoke unaishi kwa chai na mkate. Anasema umeunguza suruali ya mteja kwa pasi. Anasema bora uhamie kwake, nyumba ipangishwe.

Huyo shangazi ni dada yangu, jirani ukuta kwa ukuta. Namwita Meja, ila si mbele yake. Ufunguo wangu wa akiba alishauchukua, “kwa usalama”. Anaingia muda wowote kama daktari wa zamu. Chumba chake cha nyuma ameshakifagia, ananingoja.

Sitaki! Humu nimekaa na mke wangu tangu ujana. Jiko lile alilipaka rangi kwa mkono wake, na mkono wenyewe haukuwa wa mpaka rangi. Nalipenda hivyo hivyo. Kwa Meja nitapangiwa hadi saa ya kupiga miayo.

Sasa nikajibu nini? Nikasema: mwanangu, mbona mimi napika! Tena vyakula vya ukweni kwako. Ule mzigo wa viungo ulionitumia mwezi jana unakaribia kuisha. Akauliza: na tempe, yale maharage ya soya, baba? Nikasema kila wiki!

Akasema basi vizuri, Jumamosi tutakula kwako. Nikikuta unajipikia, shangazi sitamsikiliza tena. Nisipokuta, baba, unahama.

Mzigo wenyewe sijaufungua. Uko chini ya meza ya kukatia, naegemeza mguu.

Jumanne, 4 Machi

Nimeufungua. Chupa ya sosi nyeusi, nzito, tamu kama dawa ya kikohozi ya watoto. Majani makavu. Mizizi ya ukoo wa tangawizi, lakini si tangawizi. Kifuko cha unga wa chachu. Na kipande cheusi kilichofungwa karatasi juu ya karatasi, kama kimefungwa kisitoroke.

Nimeanza na rendang. Nyama, tui la nazi, viungo — unachemsha polepole hadi tui likauke lote. Binti aliwahi kunipikia, na vipande vyake vilikuwa sawasawa. Nikaona hapo ndipo penye kazi yangu. Nikatandaza nyama, nikaleta futi, nikachora mistari kwa chaki. Chaki haishiki kwenye nyama mbichi! Na ile iliyoshika haikutoka hata kwa kuosha.

Lakini ilikuwa inakwenda vizuri. Nakoroga, najisifu. Ndipo bwana harusi akaja kujaribu koti. Ni mwalimu wa hesabu, anaoa Jumapili, bega moja limepanda na jingine limeshuka. Nikawa nabandika pini kwenye bega la chini. Akasema fundi, kuna kitu kinaungua. Nikamwambia ni pasi. Akaitazama pasi. Imezimwa, waya umening’inia.

Sufuria limeing’ang’ania nyama. Nimeila kwa kuibandua. Ladha ipo, ila iko mbali.

Jumatano, 5 Machi

Aibu. Aibu tupu.

Kile kipande cheusi karatasi yake imechorwa uduvi. Kumbe ni uduvi uliosagwa ukachachuliwa. Nikakumbuka binti hukikaanga kidogo kwanza, kabla ya kukisaga na pilipili. Kidogo — mimi nikakaanga chote.

Mpangaji wa ghorofani alishuka na ufagio, akauliza panya kafia upande gani. Nikamwonyesha upande wa jirani. Meja naye kaingia na ufunguo wake, leso puani: “We mdogo wangu, uko hai?” Nikamjibu niko hai, napika. Akasema hivyo viwili haoni kama vitakaa pamoja muda mrefu.

Mchana nikatulia, nikashughulikia tempe. Binti alishanieleza kwa simu, ila siku ile nilikuwa napindisha suruali, nikawa naitikia ndiyo, ndiyo. Nilichobakiza kichwani: unaloweka maharage ya soya, unayamenya, unayachemsha, unayaacha yapoe na kukauka, unachanganya ule unga wa chachu, unafunga kwenye mifuko ya plastiki, unatoboa matundu, unaweka pa joto. Yatashikana yenyewe. Soya nilinunua dukani, yalikuwa yamelowa tangu jana.

Kumenya soya ni adhabu. Lakini kutoboa! Nilichukua sindano, nikapiga matundu mstari kwa mstari, nafasi sawa, kama mshono wa mfuko wa shati. Leo kwa mara ya kwanza nimejiona mtu jikoni.

Pa joto ni kabati la nguo za wateja, linapakana na meza ya pasi. Nimelaza mifuko chini kabisa, juu yake nikafunika koti la bwana harusi. Sufi nzito ile, haipitishi baridi.

Ijumaa, 7 Machi

Yameoza.

Nimefungua kabati, nimekuta ukungu. Mweupe, mnene, umefunika kila punje kama pamba ya kuwekea mabega. Maharage yameshikana, ndiyo, lakini kwa ukungu! Niliketi sakafuni nikacheka, kisha sikucheka tena.

Kumuuliza binti siwezi. Mtu anayepika tempe kila wiki anaulizaje? Kutupa pia siwezi. Pipa la taka ni moja, mimi na Meja, na Meja hulipekua asubuhi na jioni kujua nimekula nini. Akikuta ukungu, keshokutwa niko chumba cha nyuma.

Nimerudisha koti juu yake. Wakishaondoka nitayazika.

Kesho ni wali wa kukaanga, mayai na ile sosi tamu. Nimejaribu usiku huu, haujaungua. Ee Mungu, tempe waisahau.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika nyuma ya pazia la chumba cha kushonea. Nimefukuzwa jikoni kwangu mwenyewe.

Walifika mchana. Binti kanenepa, kapendeza, kanikumbatia nikasahau yote. Mama mkwe wake ni mfupi, mchangamfu, salamu anaijua, mengine anatafsiriwa. Meja alikuwa ameshafika, na sufuria lake la akiba, “endapo”.

Wali nimeupakua. Mgeni akaonja, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikaanza kupumua. Ndipo Meja akaanza kunusa. Ananusa, anasogea, ananusa — moja kwa moja hadi kabatini! Akaja na mifuko yangu kwa ncha za vidole, akaibwaga mezani mbele ya mgeni. “Jionee mwenyewe, mwanangu. Baba yako anafuga ukungu. Ndani ya nguo za watu!”

Sikuwa na pa kuuweka uso. Binti akanitazama, macho yamemjaa machozi. “Baba, si ulisema unapika?”

Nikamwambia ukweli. Sijui kupika, mwanangu. Nimejaribu wiki nzima, nimeharibu karibu kila kitu. Lakini nyumba hii sitaki kuitoka. Mama yako yumo humu kila ninapogeuka.

Mama mkwe akavuta mfuko mmoja. Akauinua kwenye mwanga. Akaubonyeza kwa kidole gumba, akanusa, akaanza kucheka — si kicheko cha kunicheka. Akasema maneno mengi. Binti akajifuta macho, akatafsiri: “Baba, hii ndiyo tempe yenyewe. Huo ukungu ndio unaotakiwa. Anauliza matundu haya kayatoboa nani, mbona yamenyooka hivi? Anasema miaka yote, ya kwake yanakwenda upande.”

Mgeni akaomba kisu na mafuta, akanionyesha mlango. Koti la bwana harusi nikalitundika dirishani. Linanuka maharage, sijui nitasema nini.

Mafuta yanalia sasa. Meja amesema yeye ukungu hali, hata kwa bunduki. Nasikia sahani. Nasikia kutafuna.

Nimechungulia. Meja anatafuna! Hasemi neno, na Meja hanyamazi hata akiwa usingizini. Ule ufunguo wangu wa akiba alikuwa ameushika mkononi tangu alipoingia. Ili ashike kipande cha pili na kile kibakuli cha pilipili kwa pamoja, ameuweka mezani. Karibu na kiti changu. Hakuna aliyemwomba. Binti ameuona. Ameutazama, kisha ametazama pazia.

Mlango unagongwa. Sauti ya bwana harusi: fundi, nimefuata koti!

Meja amechukua kipande cha tatu. Mlango unagongwa tena.

Agonge tu. Nikitoka sasa hivi, Meja atakumbuka ufunguo.