Gauni la Kutokea

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimecheka hadi mbavu zikauma. Niliinuka kwenye cherehani, nikamwambia bosi: mama, naomba ruhusa niende chooni. Kaniangalia juu ya miwani. Miezi mitano sasa niko kwake, na bado naomba! Akauliza, na kibofu nacho nimekiajiri mimi? Wenzangu hoi. Mimi hoi zaidi. Ile nyumba ya kule ng'ambo haitoki mwilini upesi — miaka miwili ya kuomba ruhusa hata kufungua dirisha. Lakini nimecheka, mimi!

Jumatano, 6 Machi

Mdogo wangu kapiga simu. Si bure tunamwita Kipenga — simu unaiweka mbali na sikio. Anataka gauni la kutokea, liwe tayari Jumapili. La kwenda wapi? Siri, utajua. Mchumba huyo, nini kingine! Nimenunua kitambaa cha samawati. Gauni la kwanza kukata peke yangu.

Ijumaa, 8 Machi

Mkono wa kushoto umekaa sawa. Wa kulia umenuna. Nimefumua. Raha tupu.

Jumapili, 10 Machi

Kafika saa nne asubuhi. Nikamsimamisha juu ya kigoda, nimpime pindo. Pini mdomoni. Akamwaga siri yake: kapata kazi ya hoteli, ng'ambo, Alhamisi anaondoka. Kuna mama mmoja, ana roho nzuri huyo! Nauli kalipa yeye. Hata paspoti atamtunzia, isipotee.

Neno kwa neno. Hivyo hivyo niliambiwa mimi.

Nikatema pini. Nikamwambia: usisogee, zitakuchoma. Nikasema yote. Kwamba sikuwahi kufua mashuka ya hoteli yoyote, niliwadanganya nyumbani. Wanaume. Mlango uliofungwa kwa nje. Na aibu sikuiona, ajabu! Nilikuwa na hasira tu, na kumpenda.

Akasema: lakini huyu si kama huyo wako, dada. Kwa sauti ya chini. Kipenga huyo! Akavua gauni, akaingia jikoni.

Yuko huko sasa. Nasikia sufuria ya chai. Kaacha pochi wazi hapa mezani, paspoti inachungulia. Mkono wangu ulishaifikia. Nikaurudisha. Ya kwake, aishike mwenyewe.

Naandika ili mikono isikae bure. Pindo bado nusu.

Anaita: dada, sukari bado ni vijiko viwili?

Viwili.