Mafuta ya Mchaichai Shingoni kwa Shangazi

Shikamoo dada Neema,

Iguguno nzima hakuna anayejua kutuliza watu kama mimi, hata ng'ombe wakiniona wanasinzia! Shangazi hajalala vizuri tangu amzike mumewe, basi jana mchana nikatoa kichupa changu cha mafuta ya mchaichai. Akanusa, akatabasamu. Sikuwa nimemwona akitabasamu tangu msiba.

"Yananukia vizuri, baba. Ila ni makali, tia matone mawili tu kwenye mafuta ya alizeti," akasema, na kisahani cha alizeti alishaniwekea.

Nikamcheka. "Shangazi, alizeti ni ya kukaangia maandazi! Mwachie fundi kazi yake."

Nikampaka shingoni yakiwa matupu. Akafumba macho, akatulia kimya. Nikajua amelala, nikaenda kujitapa kwa majirani.

Msalimie mama, mwambie namkumbuka na ugali wake. Mungu awape usingizi mzuri nyote hapo Manyoni.

Dada, shangazi hakuwa amelala. Nilimuunguza shingo hadi ikatoka malengelenge, naye alivumilia kimya ili nisiaibike.

Mdogo wako,
Juma