Mayai ya Pikapu ya Papa

Jumapili, Butembo. Manyunyu tangu misa ya kwanza, na baridi hii inanirudisha nyuma.

Leo nimesoma kwenye simu kwamba wataalamu wanatengeneza magari yanayojitibu yenyewe. Rangi ikikwaruzwa inajifunga, gurudumu likitoboka linaziba tundu lake. Nimecheka peke yangu. Sisi gari hilo tulikuwa nalo wakati wa vita.

Lilikuwa pikapu ya Papa, baba yangu. Radiateri, ile ya maji ya kupoza injini, ilivuja na vipuri havikufika tena, basi Papa alisafiri na mayai mawili chini ya kiti, ndani ya kopo lenye majani makavu ya ndizi. Maji yakianza kumwagika njiani, alipasua yai na kutia ute ndani ya yale maji ya moto. Ute uliiva, ukaenda wenyewe kuziba tundu. Nilipenda kusimama karibu naye, ninuse mvuke wa yai na mafuta ya injini. Jamani, ninavyoutamani mvuke ule!

Halafu askari walipita, wakabeba kuku wote wa mtaa.

Yalibaki yale mawili ya kopo. Papa alipokuwa anajiandaa kwenda Mutwanga kutafuta mihogo, niliyachemsha, nikayala, nikafukia maganda kwenye majivu ya jiko. Nilikuwa na miaka tisa, na njaa ya siku mbili.

Pikapu iliishiwa maji njiani, injini ikafa. Papa alirudi kwa miguu siku ya tatu, na furushi la mihogo kichwani. Gari hatukuliona tena. Tangu hapo aliuza chumvi sokoni, yeye aliyependa usukani kuliko chakula.

Nimenyamaza miaka yote. Kila akigeuka kutazama pikapu inayopita, naona haya.

Mchana huu nimemsomea habari ile ya magari, na nikashindwa kujizuia.

"Papa, mayai ya mu kopo, ni miye nilikula."

Hakushtuka hata kidogo. "Nilijua. Niliona maganda mu majivu asubui ile, kabla ya kutoka."

Nikamwuliza, sasa kwa nini aliondoka?

"Lakini nyinyi batoto mungesikia tena njala kesho yake. Na mihogo ilikuwa Mutwanga."

Nimelia kama mtoto.

Jioni nimemchemshia mayai mawili. Amekula moja, la pili akanisogezea.