Mwalimu wa Kulaza Watu kwa Maneno

Kinyala, 4 Julai 1993

Mdogo wangu Lazaro,

Ugonile? Huko Dar kifua kimepona? Sisi wazima, baridi tu inatutafuna, na mkeo Sekela tumbo limekuwa kubwa hadi kanga haifungi.

Mgeni wako, Mwalimu Edward, alifika. Anatukusanya kwenye banda la kupimia chai. Anasema kulazwa kwa maneno mtu hazaliwi nako, anazoezwa. Basi tunafumba macho, tunavuta pumzi, yeye anaimba tu, "Mkono mwepesi, unapanda wenyewe." Mimi nikaangua kicheko, akanitoa nje kama mbuzi! Eti mimi mgumu. Aliyeiva ni mdogo wetu Joyce. Mkono unapanda, anachomwa pini, kimya!

Nikambana jikoni. "We Joyce, unalala kweli?"

"Silali, dada. Sasa mgeni wa kaka nimwaibishe mbele za watu?"

Haya, ndiyo elimu yenu hiyo!

Dada yako,
Atuganile

Dar es Salaam, 19 Julai 1993

Shikamoo dada,

Kifua kimetulia, namshukuru Mungu. Dada, usiniharibie. Siku hizi biashara ruksa, mimi na Edward tunafungua kliniki yetu Mbeya. Atamng'oa Joyce lile jino bovu bila ganzi, wenye pesa wakiangalia. Mtu akishazoezwa vile hasikii kitu, maumivu ni mawazo tu. Mwambie asiniangushe.

Mdogo wako,
Lazaro

Kinyala, 8 Agosti 1993

Lazaro,

Hujambo. Kifua sikuulizi.

Jino limetoka jana, vipande vipande! Joyce mkono juu, macho kafumba, machozi yanachuruzika hadi kidevuni, na mwalimu wako anawaambia watu, "Hayo machozi ya usingizi." Nikapiga kelele, "Joyce, sema unaumia!" Wakanishika. Akamuuliza, "Umesikia maumivu?" Mtoto wa watu, damu mdomoni, anajibu, "Hapana, mwalimu. Ndaga." Anamshukuru! Watu makofi.

Leo shavu kama andazi, uji haupiti, na bado ananikataza kukuandikia, eti kaka atajisikia vibaya. Jisikie!

Sasa watu wanapanga foleni. Mwalimu anataka kuzoeza wajawazito wajifungue bila kusikia, hospitali wasiende. Wa kwanza Sekela, na ameshakubali. Si maumivu ni mawazo tu?

Dada yako,
Atuganile

Dar es Salaam, 13 Agosti 1993

Dada,

Barua hii nampa utingo wa basi iwahi. Mtoe Sekela leo hii. Asiguswe! Mpeleke Igogwe hospitali akasubirie huko. Nafika Jumatatu.

Lazaro

Kinyala, 16 Agosti 1993

Lazaro,

Karibu nyumbani. Barua hii unapewa na Sekela mwenyewe hapo Igogwe, umwone alivyo mzima, hakuguswa.

Yako niliisoma kwa sauti, Joyce akiwa anamenya ndizi. Akasema, "Dada, rudia hapo pa asiguswe." Nikarudia. Akaweka kisu chini, akajifunga kanga, akatoka. Nikamfuata mbio. Akaipita foleni yote mpaka mbele ya mwalimu wako, na shavu lake lile lile, akamwambia watu wote wakisikia:

"Iliuma."

Dada yako,
Atuganile