Maiki Iliyogeuziwa Ukuta

Jumatatu, 3 Machi
Simu nne leo, zote vioo. Mchana nikafunga kibanda, sikula, nikasoma habari za maiki. Wiki ya pili sasa nasoma yale yale. Maiki za kondensa za bei nafuu, zile zinazonasa hata sauti ndogo. Mmoja anasema ile nyeusi ndogo inaleta mvumo. Mwingine anasema hiyo hiyo inatosha kabisa. Sijui nimwamini nani.

Baba anapelekwa Mwanza tarehe 24. Daktari hakuficha. Uvimbe uko kooni, na wakiutoa, sauti inaondoka nao. Ataishi, ila hatasema tena. Amepiga litungu, ala yetu ya nyuzi, tangu ujana, kwenye harusi na tohara, huku Nyamongo hadi Kisaka. Hakuna wimbo wake hata mmoja uliorekodiwa vizuri. Na mimi mwanawe ni fundi simu. Naona aibu.

Jumatano, 5 Machi
Tarime mjini. Salum, muuza vifaa vya muziki, alikuwa na aina tatu. Maiki ya kawaida ya kushika mkononi, kama za kwaya. Kondensa ndogo ya kuchomeka kwenye kompyuta. Na kondensa kubwa iliyotumika, pamoja na kiboksi chake cha umeme, maana bila hicho haiamki.

Salum alinishauri ya kwaya. "Kwenu Nyamongo kelele nyingi, kaka. Hii inasikia mdomo tu. Kondensa itakuletea mpaka mawazo ya jirani." Nilicheka, sikumsikiliza. Litungu lina nyuzi nane, na ile ya kwaya zile nyembamba haizipati. Nimechukua kubwa. Mbuzi wawili wamekwenda. Nilirudi kwenye bodaboda nimeikumbatia kama mtoto mchanga.

Ijumaa, 7 Machi
Jaribio la kwanza, chumbani kwangu. Mbaya kabisa. Sauti ya Baba imetoka ya mbali, kama yuko ng'ambo ya mto. Nikiongeza, unakuja mvumo. Tena katikati ya wimbo akaona kuku wameingia jikoni, akaacha kuimba, akamwita Mama. Faili nimeliita MBOVU 1. Salum nimemtukana moyoni mpaka nikachoka.

Jumamosi, 8 Machi
Salum hana kosa. Kondensa hii inasikia kwa upande mmoja, ule wenye nembo. Mimi nilidhani nembo ni pambo, nikaigeuzia ukuta. Jana Baba aliimbia mgongo wa maiki. Fundi mzima.

Leo nimeigeuza. Mstari mmoja tu, machozi yakanitoka. Nasikia kucha zake kwenye nyuzi. Nasikia anavyovuta pumzi. Nasikia pia bodaboda, jogoo, mashine za mgodi, bati likilia kwa jua, Mama akisugua sufuria. Salum alisema.

Jumanne, 11 Machi
Blanketi ukutani, godoro mlangoni. Jirani nimemwomba asipasue kuni mchana, amenuna. Mgodi siwezi kuuomba. Lakini kabla ya kulipua baruti mashine hunyamaza kidogo. Hapo ndipo tunarekodi.

Tatizo jipya ni Baba mwenyewe. Nilimfungia humo peke yake, akagusa nyuzi, akaacha. "Mura, kijana wangu, nimwimbie nani humu?" Nikamwambia aimbie maiki. Akaniangalia kama nimerukwa na akili. Ni kweli litungu letu haliimbwi hivyo. Mwimbaji anakutazama, anakutaja, anamtaja baba yako na ukoo wako, na wewe unamwitikia. Usipoitikia, anajua umenuna.

Basi nimemwingiza Mama. Kwa sharti asiitikie. Alikaa kwenye ndoo, kanga mdomoni. Baba akaimba.

Ijumaa, 14 Machi
Nyimbo tatu. Koo linamuuma, ila hasemi.

Kati ya wimbo na wimbo anaongea sana. Anaomba maji. Anauliza kama ng'ombe wamerudi. Anamwita Mama wakati Mama yuko mbele yake. Yote nakata. Kompyuta yangu imejaa, kwa hiyo nikikata nafuta kabisa. Kazi inatoka safi sana. Najisifu mwenyewe, hakuna wa kunisifu.

Jumanne, 18 Machi
Siku mbaya.

Baba alikuwa kwenye wimbo wa majina, ule mrefu, na leo sauti ilikuwa yake ya zamani. Alipofika kwa babu yangu mzaa mama, Mama akasahau. Akaitikia kwa nguvu, kama alivyoitikia miaka yote. Nikaruka. Nikamfokea. Sijawahi kumpandishia mama yangu sauti. Alikunja kanga yake, akatoka.

Baba akazinyamazisha nyuzi kwa kiganja. "Umemfukuza anayeniitikia," alisema. Hakuimba tena. Nilikaa pale na maiki yangu, nikaichukia.

Alhamisi, 20 Machi
Nimemwomba Mama radhi. Amesema yameisha. Ameingia, amekaa, amenyamaza kama mgeni kwenye nyumba ya watu. Wimbo wa majina tumeurudia. Hauna doa. Ule wa Jumanne ulikuwa bora, na nilishaufuta kwa hasira.

Nyimbo kumi na moja. Nimemaliza.

Jumatatu, 24 Machi
Mwanza. Amelazwa.

Jumanne, 25 Machi
Wamemwingiza chumba cha upasuaji saa tatu asubuhi. Kabla hawajamsukuma ndani aliniuliza kama kibanda nimekifunga vizuri. Nikasema ndiyo, Baba. Nilitegemea atasema jambo kubwa. Alisema hilo tu.

Jumapili, 13 Aprili
Yuko nyumbani. Amekonda lakini anakula. Akitaka kitu anapiga makofi mawili. Mama hapendi. Anakuja, lakini nimemwona anavyosimama kwanza jikoni, mkono kiunoni, anasubiri. Nadhani bado anasubiri kuitwa.

Litungu limetundikwa. Hajaligusa.

Jumatano, 16 Aprili
Leo nimewapigia nyimbo zote uani, kwa spika. Majirani walikuja, hata yule wa kuni. Wamesifia. Mmoja alisema inasikika kama redioni. Baba alikuwa akipiga magoti yake kwa vidole, nyuzi zote nane.

Watu walipoondoka Mama akanisogelea. Akauliza polepole, "Hakuna mahali ananiita?"

Nikamwambia nitaangalia. Nimeangalia mafaili yote kumi na moja. Hakuna. Kila mahali alipomwita nilikata kwa mkono wangu, nikafuta, nikajisifu. Nimekaa kibandani na bisibisi mkononi, simu ya mteja iko wazi, sijui hata inaumwa nini. Mimi ni mjinga. Sina neno jingine.

Jumamosi, 19 Aprili
Nimelipata. Lilikuwa kwenye folda ya majaribio niliyosahau kuisafisha. MBOVU 1.

Jioni Mama alikuwa uani anapukuchua mahindi. Baba ubavuni kwake, naye anapukuchua. Sikuwaambia kitu. Niliweka spika dirishani nikabonyeza.

Litungu kwa mbali. Kisha nyuzi zikanyamaza, na sauti ya Baba, nyembamba, kama mtu anayeita kutoka kule zizini: "Mama Mwita! We Mama Mwita, kuku hao!"

Mama aliinua kichwa. Aliangalia zizini, hakuangalia spika.

"Nakuja," alisema.

Alishainuka nusu kabla ya kukumbuka. Akakaa. Baba alikuwa amemshika upindo wa kanga. Kwenye spika maiki ilikuwa bado inavuma, mpaka faili likaisha. Baba akapiga makofi mawili, akanyoosha kidole dirishani. Nikalirudia. Kisha nikavuta kigoda, tukapukuchua mahindi mpaka gunia likajaa.